Mkono wa Ngozi Wenye Jicho la Chuma

Safari iliyopita niliahidi kwamba mwezi huu tutazungumzia lishe ya mama anayenyonyesha. Naomba uniwie radhi, somo hilo nitaliweka kando hadi toleo lijalo, kwa sababu hapa kwetu Mkolani limetokea jambo ambalo nimeona si vema nikae nalo moyoni peke yangu. Ni habari ya kidude kilichotoka katika mitumba. Usicheke. Kidude hicho nusura kimtoe roho bibi mmoja mjane, nami muuguzi wenu nilichangia kosa.

Bibi huyo ni jirani yangu. Kwa miaka mingi alikuwa akibanika samaki na kuwauza, na wewe uliyekaa kando ya ziwa unajua kazi ile ilivyo. Asubuhi moshi, jioni moshi. Macho yake yamekuwa mekundu, yanachuruzika machozi hata akiwa anacheka. Yalipozidi kumsumbua aliacha samaki, akaanza biashara ya mabegi na pochi za mitumba. Huenda Mlango Mmoja, huchagua anachokimudu, na kuja kukitandaza kando ya barabara iendayo Shinyanga.

Siku moja katika mzigo wake mlikuwa na mfuko wa turubai, wa mviringo kama ndoo ndogo, umeshonwa kwa mkono na kuzungushiwa kamba mdomoni. Alipoukung'uta ili auoshe, vikadondoka vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa kipande cha kitu cheusi, kigumu kama sabuni iliyokauka, chenye mikwaruzo mirefu. Cha pili kilikuwa kijiti cha mti mgumu, kinene upande mmoja na kimechongoka upande wa pili, mfano wa pembe. Cha tatu ndicho kilichotusumbua. Kilikuwa mkanda mpana wa ngozi ngumu, umeungwa ukawa duara la kuvalia mkononi, una tundu la kupitishia kidole gumba, lakini hauna vidole. Na mahali ambapo kiganja kingekaa palikuwa na bamba la chuma la mviringo, ukubwa wa sarafu, lenye vishimo vidogo vidogo vingi kama sega la nyuki. Ukilitazama, nalo kama linakutazama.

Bibi wa watu hakukitupa. Alikitundika msumarini ukutani akitumaini kwamba siku moja atatokea mteja anayekijua.

Majuma mawili baadaye, usiku, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwake alishikwa na degedege. Mtoto wa miaka mitatu, mwili umekakamaa, macho yamegeuka juu. Niliitwa, nikakuta wameshaanza kuwasha makaa wamfukize. Mama mmoja alikuwa anajaribu kumtia kijiko katikati ya meno. Niliwaomba waache yote mawili. Tulimlaza mtoto kwa ubavu, tukamlegeza nguo, tukangoja mtukutiko upite huku nikitazama saa, kisha tukapanda bodaboda hadi kituo cha afya. Kipimo kilionyesha malaria kali. Alitundikiwa dawa usiku ule ule, na baada ya siku nne alirudi nyumbani akiomba uji. Tunamshukuru Mungu.

Lakini mtoto akiwa bado hospitali, maneno yalikuwa yamekwisha kuzaa maneno. Kijana mmoja alisema ameona kwa bibi mkono wa ngozi wenye jicho la chuma. Mwingine akasema kuna na pembe. Wa tatu akasema kuna na dawa nyeusi iliyokatwakatwa. Ukijumlisha na yale macho mekundu, hesabu ikawa imekamilika. Nyinyi wasomaji wangu wa Usukumani mnajua hesabu hiyo huishia wapi. Vibibi wangapi tumewazika katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kwa ajili ya macho yaliyoharibiwa na moshi wa kutulisha sisi?

Nilikwenda kwa bibi jioni. Baada ya kumwamkia, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, kichome tu, tuishi kwa amani." Nakiri kwamba mimi mwenyewe sikupenda kukishika.

Alinitazama kwa muda. Akasema, "Mwanangu, nikikichoma watasema nimeficha ushahidi. Halafu atakayefuata kuchomwa ni mimi."

Ndugu msomaji, miaka yote niliyosoma uuguzi na miaka yote niliyofanya kazi wodini haikuwahi kunipa somo fupi kama hilo.

Kesho yake watu walikusanyika. Mwenyekiti wetu, mtu mwenye busara, alivitia vitu vile katika mfuko akasema yeye atavitunza mpaka jambo lijulikane. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilisimama, na kwa kuwa mimi ni muuguzi nikatangaza kwa uhakika kwamba kile ni kifaa cha hospitali cha kunyoosha kifundo cha mkono kilicholegea. Nilidhani nazima moto. Mzee mmoja akauliza, "Na hilo jicho la chuma ni la kutibu nini?" Sikuwa na jibu. Na pembe? Kimya. Na dawa nyeusi? Kimya. Basi ikawa vibaya kuliko mwanzo, maana sasa walisema muuguzi anamfichia bibi. Nilijifunza kwamba jibu la kubahatisha halimwokoi mtu, hata likisemwa kwa nia njema.

Nilimwomba mwenyekiti aniazime vitu vile hadi Jumapili. Akakubali. Kisha nikafanya kile ambacho ningepaswa kukifanya kwanza: nikakitazama kifaa kama tunavyofundishwa kumtazama mgonjwa, bila kuanza na jina la ugonjwa. Nikawasha taa, nikavaa miwani. Tundu la kidole gumba lilikuwa upande ambao ungekaa vizuri katika mkono wa kulia tu, kwa hiyo kilikuwa cha kazi, si cha pambo. Ngozi ya ndani ilikuwa laini na nyeusi kwa jasho, kwa hiyo kilivaliwa muda mrefu. Bamba la chuma halikuwa katikati ya kiganja hasa, bali chini ya kidole gumba, pale kwenye nyama, mahali ambapo mkono una nguvu zote za kusukuma. Na vile vishimo, vingine vilikuwa vimechimbika na kung'aa kuliko vingine.

Asubuhi nilimpelekea fundi viatu mmoja pale Nyegezi. Alikigeuza mara moja tu. Akasema, "Dada, hii siyo ya viatu. Lakini tazama vishimo hivi, vimechimbwa na kitako cha sindano. Unajua kile kikofia cha chuma anachovaa fundi nguo kidoleni ili sindano isimchome? Hiki ni ndugu yake. Tofauti ni kwamba yule husukuma kwa kidole, huyu anasukuma kwa mkono mzima." Nikamuuliza, ni kitambaa gani kinachotaka mkono mzima? Akafikiri. "Turubai. Tena turubai nzito. Nenda ziwani, ukaulize wanaoshona matanga."

Mtume Paulo mwenyewe alikuwa fundi wa mahema, akifanya kazi hiyo pamoja na Akila na Prisila kule Korintho. Nimefundisha habari hiyo mara nyingi katika kipindi cha akina mama, wala sikuwahi kujiuliza hata siku moja kiganja cha mshona mahema kilikuwaje jioni.

Siku ya Ijumaa nilipanda daladala hadi mjini, nikaunganisha Kirumba, nikashuka mwaloni. Baada ya kuulizauliza nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Amekuwa mshona tanga tangu ujana wake, lakini siku hizi mitumbwi mingi ina injini, na matanga yaliyobaki mengi hushonwa kwa mifuko ya nailoni. Vijana humpita tu.

Nilimwamkia, akaniitikia, "Marahaba, mayo." Sikumweleza kitu. Nilifungua mfuko, nikampa.

Hakuuliza hiki ni nini. Alipitisha kidole gumba tunduni, akafumba ngumi, akakunjua, akafumba tena. Kilimkaa kama kiatu cha mtu kinavyomkaa mwenyewe. Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Nilikuwa na cha namna hii. Kilizama na mtumbwi."

Basi akanieleza, nami nakuandikia kama nilivyoelewa. Ile ni kinga ya kiganja ya mshona tanga. Tanga hushonwa kwa sindano ndefu na nene, ambayo ncha yake si ya mviringo bali ina pande tatu, ili ikate njia katika turubai. Hapo nilitabasamu, maana sindano tunayoshonea ngozi ya mgonjwa baada ya upasuaji nayo ina pande tatu kwa sababu hiyo hiyo. Mshonaji huishika sindano kwa vidole, akaweka kitako chake ndani ya kishimo kimoja cha lile bamba, kisha husukuma kwa kiganja na nguvu ya mkono wote. Vishimo viko vingi ili sindano isiteleze popote itakapogusa. Bila bamba lile, kitako cha sindano kingeingia katika nyama.

Akanionyesha jambo jingine ambalo sikuliona. Kuzunguka tundu la kidole gumba ngozi iliongezwa unene, nayo ilikuwa na mfereji uliochimbika. Alisema kinga ziko za aina mbili. Iko ya kuunganisha vitambaa vya tanga, yenye vishimo vidogo kwa sindano ndogo. Na iko ya kushonea kamba pindoni mwa tanga, yenye vishimo vikubwa zaidi na ngozi hiyo nene, kwa sababu mshonaji huuzungushia uzi hapo ili auvute kwa nguvu bila kujikata. Hii yetu ilikuwa ya pili. Mashoto naye hutengenezewa yake, maana ya mkono wa kulia haimfai.

"Na hiki cheusi?" nikauliza. Alikikwaruza kwa ukucha, akanipa ninuse. Nta ya nyuki! Ile mikwaruzo mirefu ilikuwa njia za uzi. Uzi hupitishwa juu ya nta ili usioze kwa maji, usifumuke na upite kwa urahisi. Na "pembe" je? Ni kijiti cha kupanulia kamba. Ukitaka kuunganisha kamba mbili bila fundo, husokotoa nyuzi zake, unakichomeka kati yake zifunguke, ukapitisha nyuzi za kamba ya pili. Hata ule mfuko wa turubai ulikuwa wa kazi hiyo hiyo. Huko Ulaya na Marekani mabaharia na washona matanga waliushona wenyewe ili wabebee vifaa vyao. Kwa kifupi, bibi alinunua mfuko wa fundi na vifaa vyake vyote ndani, akidhani ni pochi.

Nilipomweleza mzee kwa nini nimekuja, uso wake ulibadilika. Hakusema neno baya juu ya mtu. Aliuliza tu, "Jumapili ibada inakwisha saa ngapi?"

Jumapili alikuja, amevaa koti lake, na sindano zake amezifunga katika kipande cha kitambaa. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya kwanza. Nilitaka kutoa hotuba, lakini mzee aliniomba nikae. Akauliza kama kuna turubai lililochanika. Mwenyekiti akatuma kijana alete lile la msiba, ambalo sote tunalijua, maana kila tukikaa matanga mvua hutunyeshea katika mpasuko ule ule. Mzee akavaa kinga, akapaka uzi nta, akaanza. Sindano ilipita katika turubai kama inapita katika khanga. Kimya kikawa kikubwa hata tukasikia uzi ukivutwa.

Baada ya muda mzee akasema, "Nahitaji mtu wa kunishikia upande ule." Aliyesimama ni nyanya yake yule mtoto aliyeugua, ambaye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtaja bibi. Alikwenda akashika, akakaza. Hakuomba msamaha, wala hakuna aliyemdai. Wakati wa kuondoka alimwambia bibi, "Mtoto amepona. Njoo umwone." Nadhani kwa siku ile yalitosha. Sitaki kukudanganya, msomaji, kwamba kila mtu aliridhika. Wapo ambao hadi leo hupita mbali na meza ya mabegi ya bibi. Lakini analala usingizi, na jirani zake wa karibu wanalala mlango wazi kwake.

Bibi alimpa mzee vitu vyote vitatu. "Chukua wewe unayevijua," alisema. "Mimi vimenichosha." Mzee akataka kulipa, bibi akakataa. Juma lililofuata kijana alileta debe la dagaa, hakusema limetoka kwa nani.

Sasa, wapendwa, naomba tukae kidogo na mambo manne.

Kwanza, degedege si pepo wala si jicho la mtu. Ni dalili kwamba ubongo wa mtoto umesumbuliwa, mara nyingi na homa kali au malaria. Mlaze kwa ubavu, usimtie kitu kinywani, usimfukize moshi, usimfunge kamba, mpeleke kituo cha afya mara moja. Ikiwa mtukutiko umepita dakika tano, au unajirudia, hiyo ni dharura kubwa. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Saa ambazo familia huzitumia kumtafuta mchawi ni zile zile ambazo mtoto angekuwa anatibiwa.

Pili, macho mekundu ya wazee ni ugonjwa, si alama. Moshi wa kuni, vumbi, vikope na uzee wenyewe huyafanya hivyo. Mpeleke mama mkwe wako, shangazi yako au jirani yako akapimwe macho. Bibi yetu sasa anatumia dawa, na jiko lake tumelihamishia nje penye upepo. Machozi yamepungua.

Tatu, tujue sheria. Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928 na bado ingali katika vitabu vyetu. Wengi wanajua kwamba inakataza uchawi na hata kukaa na vifaa vinavyoitwa vya uchawi. Wachache wanajua kwamba inakataza pia kumnyooshea mwenzako kidole mbele ya watu na kumwita mchawi. Tazama basi jinsi bibi alivyokuwa kati ya moto na maji: kitu asichokijua ukutani kwake, na majirani wasiokijua mlangoni kwake.

Nne, tusione haya kuuliza, na tuwaulize wazee. Mwaka 1877 wamisionari wa C.M.S. walileta mashua yao Daisy kutoka pwani ikiwa vipande vipande vichwani mwa wapagazi, ikaunganishwa Kageye, kando ya ziwa letu hili. Mwaka uliofuata Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Scotland, akaja akaikuta imeharibika, akaitengeneza. Huyo ndiye aliyefariki Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890. Ziwa hili limejaa ujuzi wa mikono, wa wageni na wa wenyeji, na sehemu kubwa ya ujuzi huo haikuandikwa popote. Umekaa katika viganja vya wazee waliokaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa, wakingoja mtu awaulize swali.

Nami nimejiwekea nadhiri. Nikiulizwa kitu nisichokijua, hata kama nimevaa sare nyeupe na watu wote wananitazama, nitasema, "Sijui, ngojeni niulize." Ningesema hivyo siku ile, bibi angepata usingizi siku tatu mapema.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye uji wa mama anayenyonyesha. Hadi hapo, nakutakia amani nyumbani mwako, na kwa jirani yako.